Maalim na Bunduki ya Nyati

Siku ya kwanza Maalim kuingia dukani kwetu Satwa, mjini Dubai, alitaka mto. Nikamwuliza wa kulalia au wa gari, maana kazi yetu ilikuwa kushona viti vya magari na mito ya shingo tulikuwa nayo tele.

"Wa bega," akasema.

Akafungua kanga aliyoizungushia kitu kirefu, akaniwekea mezani kipande cha mbao kilichochongwa vizuri sana, kinene upande mmoja, chembamba upande wa pili, na mfereji katikati. Nilidhani ni mguu wa kitanda.

"Hiki ni kitako cha bunduki. Chuma chake kiko nyumbani, kimefungiwa kwenye sefu. Karatasi zake hizi hapa." Akatoa faili nene, akaanza kunionyesha kibali kimoja baada ya kingine, mihuri yote, kana kwamba mimi ndiye ningemkamata. Arbab wetu, yaani mwenye duka, Mpakistani asiyependa maneno mengi, alilitazama lile faili, akamtazama mzee, akaniambia, "Yalla, mshonee aende zake."

Nilimshonea. Hakwenda zake. Kwa miaka tisa aliendelea kurudi, na mimi nikawa naenda kwake kila Jumapili nikitoka kanisani.

Jina lake nalijua, lakini sikuwahi kulitumia mbele yake na sitalitumia hapa. Mtaa mzima ulimwita Maalim kwa sababu alifundisha hesabu mashule ya Dubai hadi alipostaafu. Ungetembea naye hatua mia moja ungesalimiwa na mameneja wa benki na maafisa wa polisi wenye vipara, na kila mmoja angesimama wima kidogo, kama mtu aliyekumbuka kwamba hajamaliza kazi ya nyumbani. Mimi aliniita Fundi. Sikuwahi kufundishwa naye hesabu, lakini Kiswahili changu alikikuta kikiwa kimetoka Nyahururu na akaamua hakiwezi kuachwa hivyo.

"Mzee, nimekuletea kitu ingine," nilimwambia siku moja.

"Kitu kingine."

"Kitu kingine. Na hii mbao imekaa poa sana."

Aliacha kupiga msasa. "Imepoa? Kwani ilikuwa moto?"

Yeye na mkewe walisema Kiunguja cha nyumbani kwao, laini, na walikisema hata na paka. Watoto wao walijibu kwa Kiarabu na Kiingereza. Nadhani ndiyo sababu alinivumilia: nilikuwa mtu mzima pekee aliyekuja pale kwa hiari na kukubali kusahihishwa.

Karakana yake ilikuwa gereji ya nyumba. Gari lililala nje juani mpaka ngozi ya viti ikapasuka, na mimi ndiye niliyeshona upya, mara mbili. Bunduki ililala ndani kwenye kiyoyozi. Ukutani alikuwa ametundika tupa na patasi kwa kufuata urefu wake, na nyuma ya kila moja amechora umbo lake kwa kalamu, ili ikikosekana ajue ni ipi. Miwani yake tu ndiyo haikuchorewa umbo, na kila siku tulianza kazi kwa kuitafuta.

Mtutu na bolti vilikuja tayari kutoka kwa muuzaji mwenye leseni, na namba zake polisi walikuwa nazo. Bunduki ilikuwa ya wanyama wakubwa. Risasi zake zilikuwa nene kama kidole gumba changu. Kazi ya Maalim ilikuwa mbao: kuchonga kitako cha mjozi kilichomkaa yeye na si mtu mwingine yeyote, na kukilaza chuma ndani yake pasibaki nafasi ya kupitisha unywele. Namna ya kufanya hivyo ni ya taratibu mno. Unakipaka chuma masizi, unakilaza kwenye mfereji wa mbao, unakitoa. Palipobaki weusi ndipo panapogusa, basi unakwangua hapo kidogo sana, kisha unapaka tena. Maalim aliweza kurudia hivyo siku nzima. Matokeo yake alikuwa na masizi kila mahali. Kuna picha ya harusi ya binti wa dada yake, imetundikwa sebuleni kwa watu wengi wa ukoo ule, bwana harusi amependeza, bibi harusi amependeza, na Maalim amesimama katikati kwa heshima zote, ana pua nyeusi.

Niliuliza bunduki ni ya kazi gani, na jibu lake lilikuwa, "Nyati." Kwa nini nyati, aliyenieleza ni mkewe, ambaye nilimwita Mama.

Mama alikuwa na kaka yake mkubwa huko Hatta, milimani, mwenye shamba la mitende na mbuzi, mtu mrefu, mwenye sauti ya kujaza ua. Maalim alimwita Shemeji na mimi pia nikamwita Shemeji, kwa sababu hakuna aliyenipa jina jingine. Zamani Shemeji aliwahi kwenda kuwinda Tanzania, akamwua nyati mmoja. Kuanzia hapo kila Idi, wakishakula, aliusimulia mkasa ule. Nyati alitoka kichakani, wenzake wakakimbia, yeye akabaki, risasi moja nyuma ya bega, kaanguka. Kila mwaka kichaka kilisogea karibu zaidi. Idi moja, mkasa ulipofika pale wenzake wanapokimbia, Shemeji alimgeukia Maalim akasema mbele ya watu wote, "Angekuwa Maalim angempa nyati hesabu ya kutoa."

Watu wakacheka. Maalim akafuta mikono, akasema atakwenda kuwinda nyati, tena kwa bunduki aliyoitengeneza mwenyewe.

"Nikajua balaa limeingia nyumbani kwangu," Mama aliniambia. "Mume wangu hasemi kitu mbele za watu akakirudisha."

Ajabu ni kwamba Maalim hakuweza kuona damu. Siku ya Idi mbuzi walichinjwa kule shambani Hatta, na nilipoanza kualikwa nilijionea. Visu vilipotolewa, Maalim alikumbuka kwamba matairi yanapungua upepo barabara ya milimani. Alikwenda nje na kipimo chake akakagua matairi ya magari yote, ya ukoo na ya wageni, hakurudi mpaka nyama iko jikoni. Hakuna gari lililowahi kuondoka pale na tairi bovu.

Nyumbani, kuku akija mzima kutoka sokoni alishughulikiwa na Mama. Maalim alikaa gerejini na mlango umefungwa, akitengeneza bunduki ya kuangushia mnyama wa kilo mia saba.

Kitako cha kwanza alikichonga kwa mwaka mmoja na zaidi. Alijipima mwenyewe mbele ya kioo cha kabati: urefu wa mkono, kimo cha shavu, umbali wa jicho. Aliandika namba zote kwenye daftari, akapiga hesabu, akapiga tena kuhakikisha. Kilipokamilika alikipaka mafuta siku kumi na nne. Kisha akakiweka begani na shavu lake likakosa pa kukaa. Alijaribu kuinama, akajaribu kunyoosha shingo. Nilikichukua nikakiweka kwenye bega langu la kushoto, kikakaa sawasawa.

"Maalim," nilisema, "wewe hutumia mkono upi?"

"Wa kulia. Kwa nini?"

Nilikinyooshea kidole kioo cha kabati. Alilitazama kabati kwa muda mrefu, na kioo chake kikamtazama yeye. Siku ile hakunisahihisha neno lolote.

Cha pili kilipasuka alipokaza skrubu. Cha tatu kilikuwa kizuri mno, lakini alipomaliza aligundua kwamba michirizi ya mbao haikulala alivyotaka, akakitia kabatini. Akaanza kukitazama kitanda. Mama alikuwa na samadari ya mbao nzito, aliyoletewa na mama yake kutoka Unguja, yenye ubao mpana kichwani. Maalim alianza kwa kuisifu. Halafu nikamkuta siku moja amepiga magoti kitandani na futi ya kupimia, Mama amesimama mlangoni.

"Napima tu," akasema.

"Kapime kabati lako," Mama akajibu. "Hilo mnajuana."

Wiki nzima Mama alilala ameegemeza mkono kwenye ule ubao. Maalim aliagiza gogo jingine la mjozi.

Mimi sikuelewa kwa nini kazi haiishi. Nilikuwa nimeshashona mito ya bega minane: laini, migumu, ya ngozi ya mbuzi, ya ngozi ya ng'ombe. Kila mmoja aliukubali kwa furaha, na kila bunduki ilipobakiza kidogo kukamilika aliona kasoro ambayo mimi, mtu wa macho ya kushona, sikuiona. Jumapili moja, wakati yeye anatafuta miwani ndani, nilimwambia Mama kwamba nadhani nikimsukuma kidogo atamaliza.

Mama alikuwa anachambua mchele. Hakuinua uso.

"Usimharakishe, mwanangu. Akimaliza itambidi aende."

Jumapili iliyofuata nilianza na mimi kuona kasoro. Nilimwambia mshono wa mto wa nane umekaa upande, nikaufumua. Alifurahi sana.

Lakini hata mtu mwangalifu humaliza kazi siku moja kwa bahati mbaya. Kitako cha nne kilikubali. Chuma kililala kwenye mbao kama kilichozaliwa humo, shavu likakaa, na mto wa tisa haukuwa na kosa nililoweza kulisingizia. Tukaipeleka klabu ya shabaha kuijaribu, yeye akiendesha kilomita sitini kwa saa, na faili limefungiwa mkanda kwenye kiti cha nyuma.

Chini ya kanzu alikuwa amevaa fulana tatu, na kati ya fulana ya pili na ya tatu taulo. Mwalimu wa pale, kijana wa Kijordani mwenye subira, alimwelekeza namna ya kusimama. Maalim alisimama kitambo kirefu, midomo ikichezacheza. Nadhani alikuwa anapiga hesabu. Kisha dunia ikalia. Kofia yake iliruka, miwani ikaruka, yeye akarudi nyuma hatua tatu akakaa kwenye benchi kama mtu aliyekusudia kukaa.

"Imeitika," akasema.

Kwenye shabaha yake hapakuwa na tundu. Pembeni yetu alikuwapo mama mmoja wa Kirusi aliyekuwa akijifunza kwa bunduki ndogo, na karatasi yake ilikuwa na vitundu vidogo vidogo pembezoni, na katikati kabisa, kwenye doa jekundu, tundu moja kubwa la kupitisha kidole gumba. Mama yule aliitazama, akatutazama. Alikuwa muungwana, aliibandua akamkabidhi Maalim kwa mikono miwili. Maalim aliitundika sebuleni. Chini yake, kwa penseli, aliandika umbali, pembe ya kosa, na neno "jirani".

Habari zikafika Hatta. Idi iliyofuata Shemeji alisimama akatangaza kwamba safari iko tayari, mwezi wa saba, na yule yule mwongoza wawindaji aliyemwongoza yeye mwanzo. Maalim akasema, "Inshallah." Mama akaniangalia mimi. Faili moja likawa mawili, kwa sababu kupitisha bunduki mipakani kunataka karatasi zaidi, na nilikuwa na tumaini kwamba moja itakosekana. Hakuna iliyokosekana, karatasi ndizo alizokuwa hodari nazo kuliko kitu chochote.

Walikaa Tanzania siku kumi. Yaliyotokea nimeyasikia kwanza kwa Shemeji, pale shambani, mbele ya sinia za biriani na watu wasiopungua thelathini.

"Nyati huyo kasimama," Shemeji akasema. "Dume. Hatua arubaini."

"Thelathini na nane," akasema Maalim, bila kuacha kula.

"Thelathini na nane. Maalim kaweka bunduki begani. Sote kimya. Tunasubiri. Tunasubiri. Mwongozaji ananiangalia, mie namwangalia. Nyati anakula majani yake. Kamaliza, kageuka, kaenda zake. Namwuliza, Maalim, vipi? Mnajua kanambia nini? 'Alikuwa anatafuna. Nikamwacha amalize.'"

Sijawahi kusikia ua mzima ukicheka vile. Mzee mmoja ilibidi apigwe mgongoni. Nilimtazama Maalim nikitaka aseme neno, akanushe, au asingizie upepo. Aliongeza kachumbari. Kuanzia siku hiyo, mtu akichelewa chochote katika ukoo ule waliambiana, "Mwache amalize." Watoto walilisema bila kujua lilikotoka. Lilimfikia hata arbab wangu, ambaye Kiswahili hajui.

Mimi niliona vibaya. Miaka saba ya kuchonga, mito tisa, halafu kicheko. Jumapili iliyofuata nilimwuliza gerejini, na kwa kuwa nilikuwa na hasira nikauliza vibaya: "Mzee, si ungempiga tu yaishe?"

Hakunisahihisha. Alikuwa anaipaka bunduki mafuta kabla ya kuirudisha kwenye sefu.

"Fundi, mie nilimjua yule mnyama. Nilijua uzito wake, na unene wa mfupa wa bega, na moyo umekaa wapi. Yote nimeyaandika. Nikamtazama kwenye shabaha, nikaona ana kope." Akapangusa mafuta yaliyozidi. "Ndefu, zina vumbi. Kope sikuwa nimeziandika."

Akaifunga sefu, akaanza kutafuta miwani, ambayo alikuwa ameivaa.

Baada ya hapo mambo yalibadilika pole pole. Jengo letu la Satwa lilibomolewa, arbab akarudi kwao, nami nikapata kazi kwa fundi mwingine karibu na International City, mbali na kila kitu. Jumapili zikawa simu, simu zikawa salamu za sikukuu. Nilisikia Shemeji amepata kiharusi, na kwamba Maalim na Mama wamefunga nyumba ya Satwa wakahamia Hatta kumtunza, maana watoto wake wako Ulaya. Nilisikia pia bunduki imeuzwa kupitia muuzaji yule yule, kwa mtu mwenye kibali, na kwamba mnunuzi alilalamika haimkai.

Mwaka jana nilitumwa Hatta kurekebisha viti vya basi dogo la hoteli moja. Nilimaliza mapema alasiri, nikapita shambani kuwasalimu.

Mama alinikumbatia, akaniuliza watoto, akaniambia nimekonda. Maalim alikuwa ndani na Shemeji. Nilisimama mlangoni. Shemeji alikuwa kitandani, mwili wake mrefu umepungua, sauti imebaki ndogo, upande mmoja wa mdomo umelegea. Alikuwa anasimulia. Maalim amekaa kwenye kiti karibu na kichwa chake, na kikombe cha uji mkononi.

"Nyati katoka," alisema Shemeji. "Katoka wapi?"

"Kichakani," Maalim akamwambia. "Mkono wa kushoto."

"Mkono wa kushoto. Wenzangu..."

"Wakakimbia."

"Wakakimbia wote. Mie nikabaki." Niliona macho yake yakitafuta kitu darini na kukikosa, na uso wake ukaanza kuogopa. "Nilimpiga wapi, Maalim?"

"Nyuma ya bega. Risasi moja. Kaanguka pale pale."

"Moja?"

"Moja tu."

Shemeji akatulia. Akakubali vijiko viwili vya uji, akafumba macho. Maalim akatoka nje na mimi, tukakaa kwenye baraza. Alikuwa amezeeka kwa namna ya watu wembamba, kama aliyepunguzwa kwa msasa. Nikamwambia kwamba mkasa ule sasa anaujua kuliko mwenyewe.

"Naujua zaidi," akasema. "Yule mwongozaji aliniambia, kule kule Tanzania, asubuhi tunakunywa chai. Alidhani ni jambo la kuchekesha, na kwamba nyumbani sote tunalijua." Akashusha sauti, ingawa tulikuwa peke yetu. "Shemeji alipiga moja, ikaenda mbinguni. Kisha akaingia chini ya gari. Nyati kauawa na mwongozaji. Na kumtoa Shemeji chini ya gari kulichukua nusu saa."

Nilihesabu Idi zote. Vicheko vyote, na watoto, na arbab wangu.

"Ulijua siku ile wanakucheka?"

"Nilijua."

"Na hukusema?"

"Ningesema, watu wangeacha kula," akasema. "Na biriani ya mke wangu ilikuwa nzuri siku ile."

Nilicheka, naye akacheka kidogo, akajifuta macho. Alitaka kuniuliza kitu, nadhani habari za Nyahururu, lakini sauti ndogo ikaita kutoka ndani.

"Maalim."

"Naam."

"Na wewe siku ile ulikuwa wapi?"

Maalim, ambaye kwa miaka yote niliyomjua hakuweza kuacha arubaini ibaki arubaini ikiwa ni thelathini na nane, alikuwa ameshasimama, anavaa ndala zake.

"Nilikuwa nyuma yako," akasema. "Nimekubebea maji." Akaingia ndani kumpa.